Siku saba Baffin, nikifuata mawe

Siku ya kwanza: Ottawa hadi Iqaluit

Mwezi wa nne binti yangu, ana miaka minane, alirudi kutoka shule na mchoro wa mtu wa mawe: miguu miwili, kiwiliwili, mikono iliyonyooshwa na jiwe moja la kichwa. "Baba, hii ni inuksuk. Inasema nini?" Nikamwambia ni sanamu ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Kanada, maana yake urafiki. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi sikuridhika. Nina miaka tisa Kanada, na sanamu hiyo nimeiona kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye sumaku za friji na mbele ya hoteli. Jibu nililompa mtoto nililiokota hukohuko madukani. Mtu wa kaskazini sijawahi kumuuliza. Jioni ileile nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Kutoka Ottawa ndege inaelekea kaskazini kwa muda wa kama saa tatu. Mwanzoni unaona misitu na maziwa. Baadaye miti inafupika, inaachana, mwisho inakwisha kabisa, chini yako kumebaki mwamba na maji. Tukavuka mlango-bahari wa Hudson, na mbele yetu kikatokea kisiwa cha Baffin, rangi ya majivu.

Iqaluit ndio mji mkuu wa Nunavut. Una watu 7,000 na ushei, na hakuna barabara itokayo hapo kwenda mji mwingine wowote. Unaingia kwa ndege, au kwa meli miezi ya kiangazi. Nyumba zimepandishwa juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, na joto la nyumba likiigusa itayeyuka, nyumba itatitia. Alinipokea dada mmoja Mkenya, muuguzi, anayefahamiana na shemeji yangu. Nilimbebea maembe sita na mfuko wa unga wa sembe. Aliyanusa maembe moja moja kabla hatujafika hata kwenye gari.

Saa nne usiku mbingu bado ina weupe. Nimefunga pazia ndipo nikalala.

Siku ya pili: Iqaluit

Kwenye kila jengo la serikali hapa inapepea bendera ya Nunavut: nusu ya manjano, nusu nyeupe, katikati inuksuk nyekundu, na juu pembeni nyota ya buluu, ile ya kaskazini. Ilianza kupepea tarehe 1 Aprili 1999, siku Nunavut ilipotenganishwa na Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ikawa jimbo lake. Jina maana yake "nchi yetu". Ni nchi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, mara mbili ya Tanzania na zaidi, na wakazi wake wote ni kama 40,000 tu. Ukishazipata hesabu hizo mbili pamoja ndipo unaelewa kwa nini watu wa hapa walihitaji mawe yawasemee. Mtu aliweza kusafiri siku nyingi asimwone mwenzake wa kumuuliza njia.

Makumbusho ya Nunatta Sunakkutaangit yako karibu na ufuko, ndani ya jengo la zamani la kampuni ya Hudson's Bay. Nilimkuta mama mmoja wa makamo akishona kiatu cha ngozi ya sili. Nikamwonyesha mchoro wa binti yangu. Akautazama kwa utulivu, akasifu mkono wa mtoto, kisha akaweka sindano chini.

"Huyu ni inunnguaq," akasema. "Mfano wa mtu."

Akanifundisha polepole, nami nikiandika. Inuk ni mtu. Inuit ni watu. Inuksuk ni kitu kinachofanya kazi ya mtu, kinachosimama mahali pa mtu ambaye hawezi kuwepo. Zikiwa nyingi ni inuksuit. Haihitaji mikono wala kichwa. Jiwe moja lililosimamishwa wima ni inuksuk. Mawili yaliyopandana ni inuksuk, na rundo pia, na safu pia. Inunnguaq imefanana na mtu kwa sura, inuksuk kwa kazi. Yeye alikua akiona mawe mengi sana nyikani, alisema, na yenye umbo la mtu yalikuwa machache.

Halafu akanipa neno lingine, nikamwomba alirudie mara tatu: nalunaikkutaq. Ni kitu kinachoondoa mkanganyiko. Nimelipenda sana neno hili. Sisi tungesema alama tu, lakini alama haikuambii inamsaidia nani. Neno lao linaanzia kwa aliyepotea.

Nilimuuliza kuhusu nembo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, 2010. Iliitwa Ilanaaq, yaani rafiki, na ilichorwa kwa kufuata sanamu ya mawe ambayo Alvin Kanak wa Rankin Inlet aliijenga Vancouver kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1986. Piita Irniq, aliyekuwa Kamishna wa Nunavut, alipinga waziwazi, akasema ile si inuksuk bali inunnguaq. Mama alitabasamu, akachukua sindano yake. "Sanamu ni nzuri," akasema. "Jina ndilo walilokosea." Basi ule urafiki niliompa mtoto ulitoka kwenye nembo.

Siku ya tatu: Mto Sylvia Grinnell

Leo nitaandika kirefu, maana leo nimefanya kosa na limenifundisha kuliko makumbusho yote.

Mwenzangu alikuwa kijana wa Kiinuit, mwindaji, jirani yake dada mwenyeji. Tulitembea hadi hifadhi ya mto Sylvia Grinnell, kama dakika arobaini kutoka mjini. Mto unashuka kwa maporomoko mafupi na kuingia baharini, na huko baharini maji kujaa na kupwa yanapishana kwa zaidi ya mita 10. Mimi ni mtoto wa Tanga, bamvua naijua, lakini sijawahi kuona bahari ikiondoka namna ile na kuacha mashua zimekaa juu ya mawe, mbali kabisa na maji.

Ardhi yenyewe inataka uiname. Ukisimama wima unaona kahawia tu. Ukichuchumaa unaona mti, mti kabisa, mwierebi wenye shina na majani, lakini umelala chini na haupiti kifundo cha mguu. Kuna maua meupe kama pamba, na vitunda vyeusi ambavyo kijana alinichumia kiganja kizima. Na mawe yamevaa rangi: nyeusi, kijani kibichi, na rangi ya machungwa iliyoiva. Ni ukoga hai, unaoota kwa chini ya milimita moja kwa mwaka. Doa lenye upana wa sahani huenda lilianza kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Tulipopumzika, kijana alishuka mtoni kujaza chupa. Mbele yangu palikuwa na mawe bapa mazuri. Nikayapanga matano, moja juu ya jingine, nikaliweka la mwisho kwa uangalifu likakaa bila kutikisika. Nikapiga picha ya kumtumia binti yangu.

Kijana alirudi, akatazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Linasema nini?"

Nikanyamaza.

"Kuna samaki hapa? Kuna nyama umeifukia? Njia inakata kushoto?"

"Hapana," nikasema. "Nimepanga tu."

Akachuchumaa kando yangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonigusa zaidi. Akanieleza kwamba baba yake alimfunza kulisoma kila jiwe lililosimama kama anavyosikiliza mtu akisema. Ukilikuta jiwe jipya nyikani, unasimama, unalizunguka, unajiuliza aliyeliweka alitaka ujue nini. Dhoruba ikiwa inakuja, muda huo unaosimama ni muda wa uhai wako. Jiwe lisilosema kitu ni mtu anayekudanganya njia. Huko kusini pia wameliona tatizo hilo: mwaka 2007 hifadhi ya Killarney, Ontario, iliwaomba wageni waache kujenga mawe hayo, kwa hofu kwamba yatawapoteza wanaotembea.

Tukayabomoa pamoja. Alinisimamia kila jiwe lirudi kwenye shimo lake, upande wenye ukoga juu, kwa kuwa ukiulaza chini unakufa. Jiwe la tatu sikukumbuka lilitoka wapi. Yeye alilijua: alilitazama tumbo lake lenye unyevu, akatafuta alama ya unyevu iliyofanana nalo ardhini, akalitia likaingia kama kifuniko.

Na la wengine hulibomoi. Hilo alilisema mara mbili. Ya wazee waliotangulia hayaguswi.

Picha nimeifuta.

Siku ya nne: ukungu

Leo nilikuwa niende Kinngait. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, ndege haikuruka. Tumepika ugali, na kijana kaja na iqaluk, samaki mwenye nyama nyekundu wa ukoo wa samoni. Ni samaki huyu aliyeupa mji jina: Iqaluit, mahali penye samaki wengi. Alimkata mbichi kwa ulu, kisu cha akina mama chenye umbo la nusu mwezi, na dada akakaanga vipande vingine kwa kitunguu na nyanya. Ugali na iqaluk vinapatana vizuri sana.

Baada ya chakula kijana alitusimulia uwindaji wa tuktu, kulungu wa kaskazini, kama alivyousikia kwa bibi yake. Mawe yalipangwa kwa safu mbili ndefu, zimeachana sana mwanzoni na kukaribiana mbele, mfano wa uzio wa samaki unaoishia kwenye mtego. Juu ya mawe waliweka mashuke ya majani yatikisike kwa upepo. Wanawake na watoto walijificha nyuma, kundi likipita wanainuka, wanalia kama mbwa mwitu. Mnyama akitazama kulia anaona watu, kushoto anaona watu, na wengi wao ni mawe. Anakimbia mbele, na mbele wako wawindaji wamejificha na pinde zao, au mto ambamo wanaume wanasubiri ndani ya kayaki na mikuki. Familia chache ziliweza kuzingira kundi zima kwa sababu mawe yalihesabiwa kuwa watu. Nikakumbuka maneno ya yule mama: kinachofanya kazi ya mtu.

Siku hizi tuktu wa Baffin wamepungua sana. Uwindaji wao ulisimamishwa mwanzoni mwa 2015, kisha ukafunguliwa kwa idadi ndogo inayogawanywa baina ya vijiji. Kijana alilisema hilo huku akitazama sahani.

Nilimuuliza, wakati wa baridi mawe yakifunikwa na theluji, je? Akasema inuksuk hujengwa mahali palipoinuka, ambapo upepo unafagia theluji. Na theluji nayo inasomeka. Upepo wa kaskazini-magharibi huiacha ikiwa matuta magumu yenye ncha, yanaitwa uqalurait, kwa kuwa yana umbo la ulimi. Ncha zote zinatazama upande mmoja. Hata gizani unazipapasa kwa mguu na kujua unakwenda wapi.

Siku ya tano: Kinngait

Ukungu umeondoka. Ni kiasi cha kilomita 400 kuelekea magharibi, kwa ndege ya mapangaboi. Kinngait maana yake milima, na mpaka 2020 ramani ziliuita mji huu Cape Dorset. Ni mji wa watu kama 1,400 na umejaa wachongaji na wachoraji. Mchoraji Kenojuak Ashevak aliishi na kufanya kazi hapa hadi alipofariki 2013, na kituo cha sanaa kina jina lake. Vumbi la mawe yanayochongwa liko kwenye ngazi za nyumba.

Nia yangu ilikuwa Inuksugalait, rasi iliyo kama kilomita 90 kutoka hapa, kwenye ncha ya magharibi ya peninsula ya Foxe. Jina lenyewe linasema: mahali penye inuksuit nyingi. Zipo zaidi ya 100 mahali pamoja, na serikali ya Kanada iliutambua mwaka 1969 kuwa urithi wa taifa. Kwa boti ni safari ya kuvizia hali ya hewa, na mwenyeji wangu wa hapa, mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliitazama bahari akatikisa kichwa. Upepo haufai. Niliumia. Nilikuwa nimeiota rasi hiyo tangu mwezi wa nne.

Badala yake tulipanda kilima nyuma ya mji, tukatembea saa mbili. Kwenye mgongo wa mwamba tulikuta mawe mawili. La chini limekaa imara, zito, linanifika magotini. La juu ni refu na jembamba, limelazwa kwa mshazari, ncha moja imetokeza nje kama mdomo wa ndege. Ukoga umeyaunganisha pale yanapogusana, ule mweusi na ule wa machungwa, hadi huoni mwanya. Hapana kichwa wala mikono. Ningekuwa peke yangu ningeyapita.

"Linaelekeza," mwenyeji akasema. "Ncha ndiyo inayosema."

Nikasimama nyuma yake, nikaifuata ncha kwa jicho. Mwamba, bonde, mwamba mwingine. Sikuona kitu. Nikamuuliza linaelekeza nini.

"Hili silijui. Si la ukoo wangu. Aliyeliweka alijua, na aliowaambia walijua."

Nilichora kwenye daftari, na safari hii niliandika upande: kaskazini-magharibi, nikiwa na mji mgongoni.

Siku ya sita: Mallikjuaq

Mallikjuaq ni kisiwa kilicho ng'ambo tu ya Kinngait. Maji yakikupwa mtu anavuka kwa miguu. Tulivuka juu ya mwani na mawe yanayoteleza, mwenyeji mbele na bunduki begani kwa ajili ya dubu. Kuna misingi ya nyumba za mawe za watu waliokuwepo miaka kama 1,000 iliyopita, mababu wa Wainuit wa leo. Wazee husimulia kwamba hata kabla yao walikuwepo Tuniit, watu wenye nguvu za ajabu, na kwamba ni wao waliosimamisha mawe mengi na kuifanya nchi hii ikalike.

Kwenye mteremko unaotazama bahari kulikuwa na inuksuk yenye tundu katikati, kama dirisha dogo. Mwenyeji akaniambia nilale kifudifudi. Nikalala juu ya mwamba baridi, shavu chini, nikachungulia. Kutoka pembeni tundu lilikuwa tundu. Kutoka pale chini lilikamata vitu viwili tu: ncha ya kisiwa kidogo, na nyuma yake, sawasawa, pengo kati ya vilima viwili vya bara. Ukisogeza kichwa kidogo, pengo linapotea.

Nikamwona baba yangu. Alikuwa mvuvi, na mwamba wa changu aliupata kwa kulinganisha mbuyu na mnara wa msikiti. Vikikaa mstari mmoja anatupa nanga. Hakuwahi kuliandika hilo popote. Alinionyesha mara moja nikiwa na umri wa binti yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kukigeuza mpaka nilipoona. Wainuit nao wana mawe ya kuonyesha pa kuvua, na ya kuonyesha nyama ilipohifadhiwa, na ya kukuambia hapa badili uelekeo, na mengine ya heshima, ambayo mtu huyasogelea akiwa amenyamaza. Kila aina ina jina lake.

Nilibaki nimelala mpaka mwenyeji akaniita. Maji yalikuwa yanajaa.

Siku ya saba: uwanja wa ndege wa Kinngait

Ndege imechelewa, chumba kimejaa watu na maboksi. Karibu yangu ameketi mzee mmoja na mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka kumi na mitano hivi. Msichana aliona daftari langu wazi, akamnong'oneza babu yake. Mzee akanyoosha mkono, nikampa.

Aliifungua kurasa moja moja. Ya kisiwani aliitazama, akaendelea. Alipofika kwenye mawe mawili akasimama. Akasema kitu kwa Inuktitut, lugha ya Wainuit, na mjukuu akanitafsiria: "Anauliza, ulisimama upande gani ulipochora?"

Nikamweleza: mji ulikuwa mgongoni kwangu. Nikainuka, nikageuka pale chumbani mpaka nikawa nimekaa kama nilivyokaa juu ya kile kilima, nikanyoosha mkono. Mzee akanitazama mkono. Akausukuma kidogo kuelekea kulia, upana wa vidole viwili, akauacha hapo. Kisha akasema neno fupi.

"Kuna ziwa huko," msichana akasema. "Yeye na kaka yake walikuwa wanavua huko."